Ufunguo, Moto na Namba ya Siri: Kuhakiki Maelezo ya Kompyuta Yanayowafikia Watu wa Oldeani

Nilipomwambia mwenzangu mmoja kwamba katika toleo hili nitahakiki kikaratasi kilichobandikwa kwenye kibanda cha wakala wa pesa kwa simu, alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha chai. "Sasa hiyo nayo ni fasihi, jamani?" Swali lake ni la haki. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuchukua riwaya, tamthiliya au diwani, kuitenga fani na maudhui, kuziorodhesha tamathali za semi, kisha kutoa hukumu kwamba msanii amefaulu au hakufaulu. Zana hizo tunazinoa miaka mitatu, halafu siku ya kuhitimu tunaziacha darasani pamoja na viti. Lakini iko nathari nyingine ambayo husomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote iliyo kwenye mtaala wetu, iliyojaa sitiari kila mstari, na ambayo sijaona mhakiki akiigusa. Hii ni nathari inayomweleza mwananchi wa kawaida kompyuta inafanyaje kazi. Nasema kompyuta kwa maana pana. Simu ya tochi ya mama yangu ni kompyuta, na namba ya siri anayoibonyeza ni dhana ya sayansi ya kompyuta sawasawa na zile zinazofundishwa kwa ubao na chaki upande wa pili wa Mlimani.

Nami sikulichagua jambo hili kwa sababu ya unazuoni. Nimelichagua kwa sababu sitiari moja mbaya ilitugharimu sisi nyumbani shilingi 184,000.

Nyumbani ni Oldeani, wilayani Karatu, chini ya mlima wenye jina hilohilo ambalo kwa Kimaasai ni mianzi. Walowezi wa Kijerumani walianza kupanda kahawa kwenye miteremko ile katika miaka ya 1920 na 1930, na mashamba makubwa yapo mpaka leo, ingawa wenyewe wamebadilika mara nyingi. Sisi wengi pale ni Wairaqw. Wapo Wamang'ati, wapo Wamaasai, wapo watu wa kila kabila waliokuja kuchuma kahawa wakabaki, na ukiteremka kuelekea Ziwa Eyasi utawakuta Wahadzabe. Nayataja haya si kwa kupamba. Nayataja kwa kuwa Kiswahili pale ni lugha ya pili kwa karibu kila mtu aliyepita umri fulani. Mama yangu husali, hugombana na huhesabu kwa Kiiraqw. Kiswahili ni lugha ya soko, zahanati na serikali. Hii ndiyo hadhira. Mhakiki yeyote anayejua kazi yake huanza hapo.

Basi, Septemba 2023, wiki chache kabla sijaja chuoni, mama aliuza mbaazi. Mnunuzi alilipa kwa simu. Mama akaenda kwa wakala kutoa sehemu ya fedha, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, kijana aliyekuwa akisaidia pale kibandani alimwambia, "Lete nikusaidie, mama." Mama akampa simu, akamtajia na namba. Kijana akatoa fedha, akazihesabu vizuri, akamrudishia simu yake. Hakuna senti iliyopungua siku hiyo. Siku ya nne kijana yuleyule alikutana na mama njiani, akaamkia kwa heshima, akaomba simu abipu mtu mara moja. Jioni salio lilikuwa halipo. Kijana naye hayuko Oldeani tena.

Baba aligomba. Mimi nami niligomba, na ninaona aibu kulikumbuka hilo. Kilichonishangaza ni jibu la mama. Hakusema kuwa amesahau au hakujua. Alisema, "Wameandika pale kuwa ni ufunguo. Nilimpa ufunguo anifungulie, akafungua, akanirudishia simu yangu. Sasa ameingiaje tena?"

Kesho yake nilikwenda kukisoma hicho kikaratasi. Kilikuwa kimefifia kwa jua. Kampuni sitaitaja, maana maelezo ya kampuni nyingine niliyoyasoma baadaye hayatofautiani sana. Kiliandikwa: "Namba ya siri ni ufunguo wa akaunti yako. Itunze." Sentensi mbili tu. Kwa kipimo cha kawaida cha darasani ningeipa alama nzuri: lugha nyepesi, sitiari inayotokana na maisha ya kila siku, amri fupi. Na hapo ndipo lilipo kosa la kipimo chetu cha kawaida.

Hebu tuutazame ufunguo kama unavyoishi Oldeani, siyo kama unavyoishi katika kamusi. Mama akienda shamba asubuhi humwachia jirani ufunguo, kwa sababu mtoto atarudi shule saa nane. Akisafiri kwenda Karatu mjini kulala, ufunguo hubaki kwa shangazi. Kumnyima jirani ufunguo ni kumtukana. Ukiambiwa "utunze" ufunguo maana yake usiupoteze, na njia bora ya kutoupoteza ni kuuweka kwa mtu unayemwamini! Sitiari haibebi kitu kimoja tu ulichokikusudia. Hubeba na desturi zake zote, na msomaji ndiye anayeamua ataanzia kushusha mzigo upi. Mwandishi wa kikaratasi alifikiri amebeba chuma kinachofungua kufuli. Mama alipokea ujirani mwema.

Kuna jambo la ndani zaidi ya hilo la desturi, nalo ni la sayansi yenyewe. Ufunguo ukiwa kwako hauko kwangu. Ukinirudishia, umerudi, mkono wako ni mtupu na sote tunaona. Namba haina tabia hiyo. Ukimtajia mtu namba, inakuwa kwake na wakati huohuo imebaki kwako, na hakuna namna ya kuirudisha kwa sababu hakuna kilichoondoka. Vitu vya kompyuta havihamishwi, hunakiliwa. Mtu asiyeelewa neno hilo moja hawezi kuelewa picha yake inavyoweza kuwa katika simu arobaini baada ya kumtumia rafiki mmoja, wala hawezi kuelewa alivyoibiwa bila kupungukiwa na kitu chochote alichoweza kukishika. Hapa sitiari ya ufunguo haikuchechemea tu. Imesema kinyume cha ukweli.

Ndugu msomaji, utakumbuka ule mjadala wa mwaka wa kwanza ambao kila mhadhiri hupenda kuuanzisha: je, fani na maudhui ni kama kikombe na chai, au ni kama pande mbili za sarafu? Tulibishana semina nzima. Waliopinga kikombe walisema chai yaweza kumiminwa katika kikombe kingine isiharibike, na kumbe maudhui hayawezi kutengwa na fani yake namna hiyo. Wakati ule niliona ni mchezo wa maneno wa watu walioshiba. Sasa naona ndiyo kazi hasa. Tulikuwa tunaichukua tashbihi iliyotungwa kwa ajili ya kuelezea, na kuuliza inavunjika wapi, na ikivunjika inampeleka mwanafunzi kwenye kosa gani. Swali hilohilo halikuulizwa na mtu yeyote pale kibandani.

Nikawa na tabia ya kuyapima maneno. Chukua "kupakua". Ni neno zuri, nami namheshimu aliyelipendekeza, kwa kuwa si la kuokota ugenini. Lakini kwetu magunia hupakiwa kwenye Fuso na hupakuliwa Arusha, na yakishapakuliwa Fuso ni tupu. Au ukichukua ile maana ya jikoni, ukipakua ugali sufuria hupungua. Maana zote mbili zinavunjika mahali palepale pa ufunguo: unapopakua wimbo kutoka kwenye mtandao, kule ulikotoka haupungui. Au chukua "wingu", neno linalotumiwa siku hizi kwa mahali pa kuhifadhia picha na nyaraka nje ya simu yako. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kulikubali bila kufikiri. Mwambie mtu wa Oldeani kwamba mali yake imehifadhiwa kwenye wingu! Sisi tunayaona mawingu kila asubuhi yakiteremka mlimani, yanagusa mibuni, yanafika mpaka barazani, na saa nne hayapo. Wingu ni mfano wetu wa kitu kisichoshikika. Ukweli wa mambo ni kwamba hilo wingu ni jengo, lenye mashine, umeme, mlinzi na mwenye mali. Mkulima wa mbaazi anazo tajriba za kulielewa hilo, kwa kuwa anaujua mfumo wa stakabadhi ghalani uliotungiwa sheria mwaka 2005: mazao yako yako katika ghala la mtu mwingine, wewe una karatasi. Ukimwambia ni ghala, mara moja atauliza maswali yanayostahili. Ghala la nani? Analinda nani? Akifilisika je? Ukimwambia ni wingu hataulizi chochote, atatikisa kichwa tu kwa adabu.

Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu, na wahadhiri watanisahihisha. Sitiari ya kueleza haipimwi kwa uzuri wake wala kwa wepesi wake. Inapimwa kwa maswali ambayo msikilizaji anauliza baada ya kuisikia.

Nafahamu kuwa watu wa istilahi watasema nawaonea, na ni lazima niwatendee haki. Nchi yetu haikuupokea ujuzi huu kwa utulivu. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa ya uendeshaji katika wizara hiyo, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, hapakuwa na haja ya kumweleza mkulima kitu ambacho hata mhasibu hakuruhusiwa kukinunua. Mashine zilipokuja, zilikuja na Kiingereza chao. Waliojitahidi kuzisemesha Kiswahili ni watu wa kupongezwa. Mradi wa Kilinux, uliofanyiwa hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004: mtu aliweza kuandika barua na kupiga hesabu katika kompyuta huku menyu zote ni za Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji mamia ya maneno, na kila neno lilikuwa ni ugomvi. Hata jina la mashine yenyewe halikukubalika kwa wote. Wengine, hasa Kenya, walishika "tarakilishi", yaani tarakimu na akilishi zilizounganishwa. Sisi huku tumebaki na kompyuta.

Mimi "tarakilishi" siichukii. Ina fahari yake, na inatukumbusha kuwa tarakimu na sifuri tulizipata kutoka Kiarabu, chemchemi ileile walikochota na Wazungu sifuri yao. Tatizo langu ni lingine. Tumejenga mazoea ya kuamini kwamba tukishapata neno, tumeshaeleza. Mtu wa Oldeani akisikia tarakilishi, au kompyuta, au "akili mnemba" na "akili unde" zinazogombaniwa sasa, anasikia jina tu. Neno humpa pa kuning'iniza maelezo. Maelezo yenyewe bado. Na maelezo ni kazi ya sentensi, ya mfano, ya masimulizi, kazi ambayo sisi wa fasihi tulitakiwa tuwe mafundi wake. Kamati za istilahi zimefanya sehemu yao. Sisi tumekaa tukisubiri riwaya.

Nitatoa mfano wa maelezo yaliyofaulu, nao nimeupata kwa bahati. Dhana ni ile wanayoiita algoriti, yaani utaratibu wa hatua unaofuatwa bila kukisia mpaka jibu lipatikane. Jina limetokana na al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Karibu kila anayeielezea hutumia mapishi: chukua unga, chemsha maji, koroga. Mfano wa mapishi ni mwepesi na haufai. Mapishi ya Kiswahili yamejaa neno "kiasi". Chumvi kiasi, moto kiasi, koroga mpaka iwe sawa. Mpishi ndiye anayejua sawa ni ipi, na ubora wake ni huko kujua. Kompyuta haina kiasi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa mapishi atadhani mashine ina busara ya mpishi, na kosa hilo atatembea nalo mpaka uzeeni.

Likizo moja nilikaa na wazee wawili waliokuwa wanacheza bao chini ya mti, nami nikajaribu kumweleza mmoja wao ninachosoma na marafiki zangu wa kompyuta wanachosoma. Nikaanza na ugali, akapiga miayo. Halafu nikatazama ubao. Katika bao una uhuru wa kuchagua shimo la kuanzia, lakini ukishaanza mkono wako hauna uhuru tena. Unasambaza kete mojamoja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, unalala. Hakuna kiasi. Nikamwambia, "Babu, kompyuta ni mkono wako baada ya kuanza. Haichagui, inasambaza mpaka ilale."

Mzee akafikiri, akasema, "Na isipolala?"

Nilikaa kimya. Mzee huyu hajapata kukanyaga darasa la hesabu za juu, na ameuliza swali ambalo ni kiini cha taaluma nzima. Alan Turing, Mwingereza, alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna wala hapatakuwa na utaratibu mmoja wa jumla wa kutabiri, kwa kila programu, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Kwenye bao lenyewe, watafiti wa Uholanzi walioliingiza katika kompyuta wameonyesha kuwa ipo mipangilio ya kete ambayo zamu moja haina mwisho kabisa. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa bao Zanzibar na kuandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya akili zao zinavyokokotoa mbele. Kumbe watu wa nje wamekwisha kuona kwamba ubao ule ni darasa. Sisi tunautaja katika insha za utamaduni, aya moja, pamoja na ngoma na jando.

Angalia kilichotokea pale. Mfano wa bao nao una mahali unapovunjika (mchezaji hushindana, kompyuta haishindani na mtu), lakini umemfikisha mzee kwenye swali la kweli. Ufunguo ulimfikisha mama kwenye hasara.

Kuna matini nyingine ambayo sina budi kuigusa, ijapokuwa wengine watasema nawatukuza wahalifu. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuipokea: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Isome kama mhakiki. Haina salamu. Haina jina. Neno lake la kwanza ni "ile", kionyeshi kinachomchukulia msomaji kuwa tayari anajua kinachozungumzwa, na kwa hakika siku hiyo, kati ya maelfu waliotumiwa, yuko mmoja ambaye kweli alikuwa na deni na kweli alikuwa anasubiri kuambiwa namba. Sentensi ya maneno sita imeingia katikati ya maisha yake kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo. Sheria ya Makosa ya Mtandao imekuwapo tangu 2015, na laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole kufikia mwanzoni mwa 2020, lakini ujumbe huo haukuisha. Linganisha sasa na maonyo yanayotumwa kwetu na wenye huduma: "Mteja mpendwa, tunakukumbusha kuzingatia usalama wa taarifa zako unapofanya miamala." Nani amezungumza? Amezungumza na nani? Taarifa zipi? Kwa mama yangu "taarifa" ni habari ya redioni saa mbili usiku. Inasikitisha kusema, lakini kwa upande wa kuijua hadhira, mwizi ni msanii bora kuliko mtaalamu. Mwizi asipoeleweka hali chakula. Mtaalamu asipoeleweka mshahara unaingia vilevile.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nikiwa na nia ya kufanya mwenyewe kazi ninayowadai wengine. Nilimkuta mama jikoni. Nilianza na mfano ambao nilikuwa nimeutunga kwa fahari kubwa nikiwa bwenini. Nikamwambia kwamba katika mifumo iliyoundwa vizuri, hata wenye huduma hawaiweki namba yako kama ilivyo. Wanaisaga kama mahindi, wanatunza unga. Ukija tena na namba, wanasaga tena na kulinganisha unga na unga, na unga haurudi kuwa mahindi. Kwa hiyo mtu akikupigia simu akisema ni wa ofisini na anataka umtajie namba, ujue si wao, maana wao hawaihitaji mahindi. Nilidhani nimemaliza.

"Unga wangu na wa mama wa pale ng'ambo si unafanana?" akauliza mama. "Sasa watatofautishaje?"

Ndipo nilipojua uhakiki unavyouma ukiwa wewe ndiye mwandishi. Mfano wangu ulieleza vizuri kwamba njia ni ya upande mmoja, na ukaharibu lile jingine la muhimu, kwamba namba mbili tofauti zinatakiwa zitoe unga tofauti. Nikanyamaza. Nikamsimulia badala yake jambo la namba kunakiliwa, bila mfano wowote, kwa maneno matupu: ukiitaja, inakuwa kwake na inabaki kwako.

Mama alikuwa akichochea. Akakaa kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni moto."

Nikamwomba aendelee. Akasema zamani, kabla ya viberiti kuwa vingi, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba moto. Jirani anampa kaa moja. Moto wa jirani haupungui, uji wake unachemka palepale. Na mtoto akishaondoka na kaa lile, huwezi kujua kama amekwenda kupika au amekwenda kuchoma nyumba ya mtu. "Yule kijana nilimpa moto," akasema, "nikafikiri nimempa ufunguo."

Sina cha kuongeza juu ya hapo kama mhakiki, isipokuwa kuonyesha kwamba mfano huu unafanya yote mawili ambayo ufunguo haukuyafanya: unaeleza kunakili, na unaeleza hatari. Nilimwambia tu kwamba una kasoro moja. Kuombana moto ni wema, na anayenyima moto ni mchoyo. Kwa hiyo mfano unaweza kumfanya mtu aone haya kukataa. Mama akakubali. Tukabishana kidogo, yeye kwa Kiiraqw, mimi nikichanganya.

"Sasa moto niliokwisha kuutoa," akauliza, "nitauzimaje huko ulipo?"

"Unabadili namba, mama. Ukibadili, ile ya zamani inazimika popote ilipo."

"Basi si moto," akasema. Ilionekana kumuudhi kidogo kuuacha.

Nikamweleza habari ya kuchagua namba. Tarakimu nne zinatoa namna 10,000, kuanzia 0000 mpaka 9999, na akaunti hujifunga baada ya kukosea mara chache; nguvu yote ya kinga iko hapo, kwamba mgeni hapati nafasi ya kujaribu zote. Lakini mtu akitumia mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza, zile elfu kumi zinageuka kuwa arobaini au hamsini, na jirani anayeijua familia anajua hata zaidi ya hapo. Mama aliinamisha macho. Nilielewa kuwa namba ilikuwa ni mwaka niliozaliwa mimi.

Akafuta mikono, akachukua simu kutoka mfuko wa gauni. Nikasogea ili nimwonyeshe pa kubonyeza, kwa sababu ya macho yake. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Nitapapasa mwenyewe," akasema. "Wewe geuka huko."

Nikageuka. Mlangoni wingu lilikuwa limeshateremka mpaka kwenye mibuni, na nyuma yangu nilisikia vitufe vikibonyezwa polepole, kimoja, kingine, kimya kirefu, halafu viwili vya mwisho kwa pamoja.